IJUE SHERIA: Kuondolewa Ukurugenzi Si Kupoteza Hisa

Wapo wafanyabiashara wa Ganjoni wanaofika katika afisi za kaunti wakiomba kibali cha kampuni fulani kifutwe, kwa sababu wenzao wamewafungia nje. Kaunti haina uwezo huo. Kibali ni cha kampuni, na ugomvi wa wanahisa husikizwa na Mahakama Kuu.

Tuseme jamaa watatu wana kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wawili wana asilimia 35 kila mmoja, wa tatu 30. Miaka yote wamekuwa wakilipana mishahara, gawio halijatoka hata mara moja. Siku moja wale wawili wanapiga kura na kumwondoa mwenzao kwenye ukurugenzi. Akija asubuhi, kufuli ni mpya na benki haitambui tena saini yake.

Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 139, inaruhusu mkurugenzi kuondolewa kwa kura ya wengi, lakini lazima itolewe notisi maalumu na apewe nafasi ya kujitetea. Hata akiondolewa ipasavyo, hisa zake 30 zingali zake. Jambo la kwanza basi ni kuomba CR12 kupitia eCitizen, uone wakurugenzi na wanahisa walioandikishwa. Jina likiwa limetoweka, usingoje: kughushi saini ni kosa la jinai, na mahakama inaweza kuamuru rejista ya wanahisa irekebishwe.

Mlango mkubwa ni kifungu cha 780. Mwanahisa, hata mwenye hisa chache, anaweza kulalamika mahakamani kwamba kampuni inaendeshwa kwa njia inayomwumiza isivyo haki. Mahakama ikikubali, inaweza kuwaamuru wenzake wanunue hisa zake. Kwa maoni yangu, hili ndilo wengi wanalolihitaji. Ukishafungiwa mlango na jamaa yako, kurudi kukaa naye meza moja ni vigumu. Bora ulipwe chako.

Ikiwa wakurugenzi wameila mali ya kampuni yenyewe, kifungu cha 238 kinamwezesha mwanahisa kushtaki kwa niaba ya kampuni, kwa idhini ya mahakama. Ila fedha zikipatikana, zitarudi kwa kampuni, si mfukoni mwake.

Njia ya mwisho ni kuomba kampuni ivunjwe kwa sababu za haki. Kesi mashuhuri hapa ni ya Uingereza, ya Ebrahimi, mfanyabiashara wa mazulia. Yeye na mwenzake Nazar walianza kama washirika, wakaunda kampuni 1958, kisha mtoto wa Nazar akaingizwa. Baba na mwana wakawa na kura nyingi, na 1969 wakamwondoa Ebrahimi. Faida ilikuwa ikitolewa kama malipo ya wakurugenzi, kwa hiyo alibaki na hisa zisizomlisha. Mahakama ya juu ya huko iliamua kwamba kampuni iliyojengwa juu ya kuaminiana haiangaliwi kwa kura pekee, ikaivunja. Mawakili wa kwetu hadi leo huitaja.

Kesi kama hizi hugharimu, na mahakama yaweza kuwapeleka kwanza kwa mpatanishi. Unapokwenda kwa wakili, beba katiba ya kampuni, cheti cha hisa, kumbukumbu za mikutano, taarifa za benki, na zile jumbe za WhatsApp mlizoahidiana kugawana kazi na faida. Usizifute kwa hasira.