Sumukuvu kwenye pumba: namba zinazomhusu mfugaji wa Lushoto

Mahindi yaliyoota ukungu hayatupwi ovyo. Yakishachambuliwa yasiingie kwenye ugali, hupelekwa bandani kwa ng'ombe au kuku, na familia ikaona imeokoa chakula. Kumbe sumu ya ukungu huo, yaani sumukuvu, yaweza kurudi mezani, safari hii ndani ya maziwa.

Sumukuvu iliyo kali zaidi huitwa aflatoksini. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kwetu, mwaka 2016, watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, 20 wakafariki.

Baridi ya Usambara isikupe matumaini. Ni kweli kuvu wa aflatoksini hupenda joto, lakini mfuko wa mashudu ya alizeti unaoununua Soni au Lushoto mjini huenda umetoka Singida au Dodoma, na sumu ikiwa imeshaingia huko huko haiondoki kwa kupandishwa mlimani. Mahindi ya mlimani kwenyewe, yanayokomaa kwenye mvua na baridi, huandamwa zaidi na kuvu wa Fusari, anayetoa sumu nyingine, fumonisini.

Majibu ya maabara huandikwa kwa maikrogramu katika kilo moja, au ppb. Ppb 1 ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanyika kwenye malori 100, kila moja likiwa na tani 10. Mahindi ya binadamu Afrika Mashariki hayaruhusiwi kuzidi 10. Kwa mifugo, Marekani huweka kikomo cha 20 kwa ng'ombe wa maziwa na wanyama wachanga, 100 kwa kuku wakubwa, na 300 kwa ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa. Kwa hiyo mtu akikwambia chakula chake "kimepimwa kiko sawa", muulize: sawa kwa mnyama gani?

Tupige hesabu ya ng'ombe mmoja. Anakula kilo 3 za pumba zenye ppb 50. Hapo amemeza maikrogramu 150. Asilimia 1 hadi 2 ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi yaweza kufika 6. Tuchukue 2: ni maikrogramu 3. Akitoa lita 6, kila lita ina 0.5, yaani umegota kwenye kikomo cha kimataifa cha maziwa. Ulaya wao wanataka 0.05 tu. Na ng'ombe mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Kuchemsha maziwa kunaua vijidudu, sumu hii inabaki. Ukiacha kumpa pumba hizo, maziwa husafika baada ya siku chache.

Macho hayatoshi kupima. Pumba zinaweza kuwa safi kwa kutazama na bado zikawa na sumu, kwa sababu kusaga huficha punje mbovu. Sumu nayo hukaa kwa mafungu: kona moja ya mfuko yaweza kuwa mbaya na nyingine salama. Ukipeleka sampuli, chota kidogo kidogo juu, katikati na chini, kwenye mifuko kadhaa, changanya vizuri, ndipo upunguze. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza namna ya kuifikisha Wakala wa Maabara ya Veterinari au kwenye maabara nyingine.

Kabla ya kuhifadhi mahindi, pima unyevu wake kwa chumvi. Tia chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza punje hadi theluthi moja, funga, tikisa, kisha uache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha turubaini. Lengo ni 13.5. Mifuko ipange juu ya chaga, mbali na ukuta, na mashudu nunua ya wiki chache tu wakati wa masika, hata kama bei ya jumla inavutia.

Pumba zilizooza usizichanganye na nzuri ili "kupunguza makali", utaharibu zote. Usimuuzie jirani, wala usimwage nyuma ya banda ambako kuku watachakura. Zifukie.