Kabla Baba Hajauza Mpunga

Mdogo wangu wa Kibombo, hongera sana kwa diploma ya Serikali. Unasema baba anataka akupeleke chuo cha binafsi Bukavu, kwa sababu "kule wanasoma kweli". Mjomba wa Kindu naye anashikilia uende UNIKI, Chuo Kikuu cha Kindu, cha serikali, bei nafuu. Unaniuliza yupi ana haki. Baba ameangalia jina, mjomba ameangalia minerivali, yaani ada, na sufuria hakuna aliyeihesabu.

Wewe unatoka Kibombo. Ukishapanda treni, au pikipiki kama treni haijulikani inafika lini, chuo chochote kwako ni ugenini. Mtoto wa Kasuku, pale Kindu, anaamka kwao, anakula kwao, anaenda kusoma. Huyo anaweza kupima minerivali kwa minerivali. Wewe kuna chumba, makaa, mchele, sabuni, fotokopi za silabasi. Tufanye mfano, na tarakimu ni zangu, za chuo utazisoma kwenye karatasi yao. Serikali wanadai dola 250 kwa mwaka, binafsi 550. Tofauti ni 300. Chumba na chakula, tuseme 70 kwa mwezi. Sasa mwaka wa masomo wa miezi 10 ukivutwa mpaka miezi 14 kwa sababu ya mgomo, umekula dola 280 ukingoja tu. Ile faida ya mjomba imebaki dola 20! Na migomo ya maprofesa wa serikali si hadithi, waulize waliokuwa chuoni mwanzoni mwa 2022.

Basi baba ameshinda? Bado. Bukavu kuna vyuo vya binafsi vyenye heshima yao: Chuo Kikuu cha Kikatoliki kipo tangu 1989, na kile cha Kiinjili, UEA, wanafunzi wake wa udaktari hujifunzia Panzi, hospitali ya daktari Mukwege. Lakini Februari 2025 mji ulichukuliwa na waasi wa M23, benki zikafunga milango, na ndege za uwanja wa Kavumu zikasimama. Mzazi aliye Kibombo atakutumia pesa kwa njia gani, na ukiugua atakufikia vipi? Hilo peke yake lingenitosha kusema hapana kwa sasa.

Halafu hili neno "binafsi" linabeba watu wengi mno. Kuna binafsi ya kanisa, yenye maktaba na hospitali. Kuna na binafsi ya mheshimiwa fulani aliyekodi nyumba, akapaka rangi ukutani, akaandika "Université". Hata historia yetu inachekesha: chuo cha Kisangani, ambacho leo kila mtu anakiita cha serikali, kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, Mobutu akakitaifisha 1971. Kwa hiyo usiulize tu kama ni cha serikali au cha binafsi. Uliza arete ya waziri inayokiruhusu chuo iko wapi, na waliomaliza kabla yako diploma zao zimepitishwa wizarani Kinshasa au bado wanatembea na karatasi ya muda. Na uliza maprofesa wanakaa mjini, au ni wageni wanaoshuka na ndege, wanamaliza kozi kwa wiki mbili na kurudi. Usije ukalipa mara mbili kumsikiliza profesa yuleyule anayefundisha pande zote.

Sasa tuongee kama dada na mdogo wake. Mjomba anasema utalala kwake bure. Mtoto wa kike halali bure, unajua. Utateka maji asubuhi, utafua nguo za watoto, jioni moto unakungoja, na daftari utalifungua watu wote wameshalala. Kama shangazi ni mtu wa kusikiliza, mwelewane mapema, baba akiwepo: kazi zipi ni zako, na wiki ya mitihani inakuwaje. Au ukipata chumba cha bei rahisi Alunguli, ng'ambo ya mto, na masomo yako upande wa Kasuku, kumbuka Lualaba haina daraja pale Kindu. Mtumbwi kwenda, mtumbwi kurudi, kila siku ya masomo. Hiyo nayo ni pesa, na mvua ikinyesha ni saa za darasa.

Mimi, kama fani yako ipo UNIKI, ningeanzia hapo. Tangu 2021-2022 tuko kwenye mfumo wa LMD: lisansi ni miaka mitatu, krediti 180. Ukiimaliza vizuri karibu na nyumbani, masta unaweza kuitafuta mbali zaidi, ukiwa umekomaa na pengine umeshapata kazi. Kama ni udaktari unaoutaka, basi hesabu ni nyingine kabisa, niandikie tena. Na kama asilimia zako ni za juu sana, chunguza Excellentia, bursari iliyoanzishwa 2019 na mfuko wa Denise Nyakeru, mke wa Rais Tshisekedi.

Baba mwambie asiuze mpunga wote kwa mkupuo. Chuo kinahesabu kwa dola, mpunga unauzwa kwa franka, na mwenye haraka hupewa bei ya mwenye haraka. Nenda kwanza Kindu na mjomba, mwingie ofisini pamoja, mwombe karatasi ya malipo yote yaliyoandikwa, mpaka ya mitihani na ya kutetea kazi ya mwisho, na mwulize kama wanakubali kulipwa kidogokidogo. Wakikutajia kwa mdomo tu, ondoka na urudi kesho.