Usalama Ziwani: Honi Mbili Zina Maana Gani?

Mwendesha bodaboda anayebeba omena kutoka Sori hadi Macalder hukaa kushoto mwa barabara, na akikutana na gari hujibana zaidi kushoto. Siku akishika injini ya boti, tabia hiyo inaweza kumzamisha. Majini kanuni ni kinyume: boti mbili za injini zikikutana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia, zikapishana kushoto kwa kushoto. Mmoja akifuata sheria ya ziwani na mwingine ya barabarani, wote wawili wataelekea upande uleule.

Kanuni hii imo katika mkataba wa kimataifa wa kuzuia vyombo kugongana, uliotiwa saini mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977. Uliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini mbao za boti hupasuka vilevile Karungu au Muhuru.

Boti zinapoonana, boti ya injini hutangaza inachofanya kwa mlio mfupi wa takriban sekunde 1. Mlio mmoja maana yake ni "nageukia kulia". Miwili, "nageukia kushoto". Mitatu, "injini yangu inasukuma nyuma", ingawa boti yenyewe huenda bado inasonga mbele, kwa hiyo usikimbilie kupita. Milio mitano au zaidi ya harakaharaka inasema "sielewi unataka kufanya nini". Huo si ugomvi wala matusi. Anayeusikia apunguze mwendo na aangalie tena.

Njia zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Usiku taa husaidia: chombo hubeba taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Ukiona nyekundu kuliani kwako, wewe ndiwe wa kupisha. Anayetaka kumpita mwenzake kutoka nyuma naye humpisha, hata akiwa na injini kubwa kiasi gani. Boti ya injini pia humpisha anayetumia tanga na anayevua kwa nyavu zinazomzuia kugeuka upesi.

Hapo ndipo wavuvi wa omena wanapohusika. Wao huvua usiku wa giza, na taa zao huelea juu ya maji mbali kidogo na boti, mara nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa kamba. Nahodha wa boti ya abiria au ya mizigo akiona msururu wa taa nyeupe, asidhani nafasi iliyo kati ya taa mbili ni njia. Kamba ikijizungusha kwenye pangaboi, injini huzima, na mvuvi hupoteza wavu na kazi ya usiku mzima. Azunguke mbali. Mwenye mtumbwi wa makasia, ambaye mara nyingi hana taa kabisa, awe na tochi karibu na amulike mapema, kabla boti haijamfikia.

Mvua kubwa, ukungu wa alfajiri au wingu la wadudu wa ziwani vikifunika macho, ishara hubadilika. Boti ya injini inayotembea hupiga mlio mmoja mrefu, wa sekunde 4 hadi 6, angalau kila baada ya dakika 2. Ikiwa imesimamisha injini na haisongi, hupiga miwili mirefu. Chombo kinachovua, au cha tanga, hupiga mmoja mrefu na miwili mifupi.

Boti nyingi za ufuoni hazifiki mita 12, na kwa hizo mkataba haulazimishi honi maalumu. Hata hivyo ni lazima ziwe na kitu kinachotoa sauti ya kusikika. Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi la kuokolea maisha inatosha kwa mtumbwi, na debe tupu linalogongwa ni afadhali kuliko kimya. Tatizo hubaki kwa mwenye injini, kwa sababu kelele yake mwenyewe humziba masikio. Akiwa kwenye ukungu na asione mbele, apunguze mwendo, azime injini kila baada ya muda, awaombe abiria wanyamaze, kisha asikilize. Akisikia filimbi mbele yake, asiongeze mwendo hadi ajue inatoka wapi.