Kadi ya Mtandao Inapokaa Kimya: Uchunguzi wa Viendeshi katika Linux

Utangulizi

Katika shule moja ya sekondari karibu na Mpanda, mwandishi wa makala haya alikuta kompyuta mbili zimefunikwa kitambaa. Zilikuwa zimewekewa mfumo wa Linux, lakini hazikuweza kuingia katika mtandao. Hukumu ilikwisha kutolewa: kadi za mtandao zimekufa, ziagizwe nyingine Dar es Salaam. Kwa shule iliyo mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, kuagiza kifaa ni gharama na ni kusubiri. Kumbe kadi zile zilikuwa nzima.

Kadi na mkalimani wake

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hakizungumzi na kadi bila msaada. Kati yao husimama programu iitwayo kiendeshi, mithili ya mkalimani kati ya mzee wa Kipimbwe na mgeni asiyejua lugha yake. Viendeshi vingi huja pamoja na kiini. Hata hivyo kadi nyingi, hasa za mtandao usio na waya, huhitaji pia faili la maagizo ambalo kiendeshi hulipakia ndani ya kadi kila inapowashwa. Haki za faili hilo kwa kawaida ni za kiwanda, na baadhi ya matoleo ya Linux hayalijumuishi. Hapo mkalimani yupo, lakini hana kamusi.

Maswali manne

1. Je, kompyuta inaiona kadi? Andika amri lspci -nn. Kwa kadi ya USB, andika lsusb. Kila kifaa huonyeshwa kwa namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ya kwanza ni ya kiwanda: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek. Ya pili ni ya aina ya kifaa. Kadi isipoonekana kabisa, ndipo tuishuku yenyewe au tundu lake.

2. Je, imepata kiendeshi? Andika lspci -k, kisha tafuta chini ya jina la kadi mstari unaoanza na maneno Kernel driver in use. Mstari huo usipokuwapo, kadi haina mkalimani.

3. Je, kiendeshi kinalalamika? Andika sudo dmesg, utafute neno firmware. Faili likikosekana, jina lake hutajwa hapo.

4. Je, kadi imefungiwa? Andika rfkill list. Penye Hard blocked: yes, tafuta swichi ya mashine, penye Soft blocked: yes, andika sudo rfkill unblock all.

Matokeo

Katika shule ile jibu lilipatikana kwenye swali la tatu. Lakini faili lililokosekana lilikuwa katika mtandao, na mtandao ndio uliokosekana! Tuliunganisha simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti, kwani kiini cha Linux huwa na kiendeshi cha kazi hiyo. Faili likapakuliwa, kompyuta ikawashwa upya, na kadi ikafanya kazi bila kununuliwa kitu.

Mwanafunzi akumbuke kwamba ukimya wa kifaa si ushahidi wa kufa kwake. Aulize kwa utaratibu, abadili jambo moja kwa wakati mmoja, na aandike alichokiona.

Mazoezi

(a) Kadi inaonekana kwa lspci -nn, lakini haina kiendeshi. Je, kununua waya mpya kutasaidia? Eleza.

(b) Kwa nini swali la kwanza hutangulia la tatu?