Mtoto Mwenye Maswali Mengi
Somo: Luka 2:41-52

Somo letu safari hii tunalianzia katika mchezo wa televisheni. Huenda wengine wakanung'unika kuona vichekesho vimeingizwa kanisani, lakini mchezo huu unagusa jambo lililomo majumbani mwetu.

Mchezo wenyewe waitwa Young Sheldon, nao ulionyeshwa Marekani toka mwaka 2017 hadi 2024. Sheldon ni mtoto wa miaka tisa huko Texas, mwishoni mwa miaka ya 1980. Akili yake ya hesabu ni kubwa hata amewekwa sekondari pamoja na vijana waliomzidi umri sana. Mama yake ni Mbaptisti mcha Mungu. Baba yake, George, afundisha mpira wa Kimarekani shuleni hapo.

Katika kipindi kimoja cha 2017, mtaalamu wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, azuru shule hiyo. Kwa mtoto apendaye roketi, mgeni wa namna hii ni shujaa. Sheldon amwuliza juu ya roketi kurudi duniani na kutua wima ili itumike tena. Yule bwana amjibu kwa kumpuuza, watu wote wakisikia.

Basi mtoto akaenda kukokotoa. Alipomaliza, baba yake akawasha gari, safari ya Houston. George haelewi hesabu zile, lakini aelewa kwamba mwanawe amedharauliwa, na hilo lamtosha. Mtaalamu azisoma, akubali kwamba ni sahihi, ila ufundi wa wakati ule haujafikia hapo. (Roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ilitua nchi kavu Desemba 2015, na juu ya chombo baharini Aprili 2016. Watunzi wakatia kichekesho mwishoni: Elon Musk mwenyewe aonekana akiwa na daftari la Sheldon.)

Sasa tuingie Hekaluni. Yesu ana miaka kumi na miwili, ameketi katikati ya walimu. Twaona kwamba walimu wale hawakumwambia aende akacheze na wenzake. Walimpa nafasi, wakastaajabia majibu yake. Yeye naye alikuwa akisikiliza, si kuuliza tu. Hapa Sheldon angeweza kujifunza kitu, maana kusikiliza si kipawa chake! Tena Luka asema wazi kwamba Mariamu na Yusufu hawakuelewa neno alilowaambia. Hata hivyo walikuwa wamemtafuta siku tatu kwa uchungu, naye akashuka pamoja nao Nazareti, akawatii. Mzazi si lazima aelewe kila kitu ndipo amsimamie mtoto wake.

Katika Shule yetu ya Jumapili, mtoto akiuliza Kaini alimpata wapi mke, mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, wewe wajifanya mjuaji." Anyamaza kweli. Afikapo darasa la Kipaimara akariri majibu bila kuuliza, nasi twamsifu kwa adabu. Lakini swali halikufa. Amelipeleka kwingine, kwa watu ambao pengine hawamjui Kristo, na huko wamemsikiliza. Mwalimu asiye na jibu angeweza kusema tu, "Mwanangu, sijui, twende tukamwulize kasisi."

Tusiwasahau ndugu zake. Sheldon ana dada pacha, Missy, na kaka, Georgie, nao mara nyingi huwekwa pembeni kwa sababu ya mwenzao. Missy ni mwepesi wa kuwatambua watu na mioyo yao, kipawa ambacho hakuna shule iwezayo kukitolea cheti.

Jumuiya na Umoja wa Akina Mama wakutanapo juma hili, wasome Luka 2:41-52, kisha kila mzazi ataje swali moja ambalo mtoto wake aliwahi kumwuliza naye hakulijibu. Maswali hayo yaandikwe, apelekewe kasisi.