Kidonda cha Kinywani: Kipi Kitibiwe Nyumbani, Kipi Kipelekwe Kismayo

Vidonda vingi vya kinywani hupona vyenyewe. Vichache haviwezi kungoja, na mkazi wa kisiwa cha Kudha anahitaji kuvijua mapema, kwa sababu hospitali kubwa ya karibu iko Kismayo, na wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua zikabaki pwani.

Kwa nini kinywa kinaniwasha?
Mara nyingi ni kujiuma, mwiba wa samaki, chai ya moto, au jino lililovunjika linalokwaruza ulimi. Vipo pia vidonda vidogo vya duara, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, vinavyojitokeza tu. Haviambukizi, na hupona kwa wiki moja hadi mbili.

Nifanye nini nyumbani?
Chemsha maji ya kisima, yaache yawe vuguvugu, kisha tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja. Sukutua na uteme, mara 3 au 4 kwa siku. Acha pilipili, ndimu na achari kwa muda, lakini usiache kupiga mswaki. Mswaki wa mti unafaa pia: kata ncha iliyochakaa, utafune upya mpaka nyuzi zilainike.

Si bora nisukutue kwa maji ya bahari?
Hapana. Yana chumvi karibu mara tatu ya mchanganyiko huo, na ya karibu na kijiji huweza kubeba uchafu wa vyoo.

Niweke aspirini juu ya kidonda?
Usiweke, kwa sababu ni asidi na huunguza nyama laini ya fizi. Mtu mzima mwenye maumivu ameze parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Watoto wasipewe aspirini.

Mtoto mchanga ana utandu mweupe. Je, ni maziwa?
Ukifutika kwa kitambaa safi, ni maziwa. Usipofutika, huenda ni fangasi, yaani ukungu wa kinywani, na kliniki ina dawa ya matone. Endelea kumnyonyesha.

Tunaambiwa kukata kimio au kuchokoa fizi huondoa homa. Ni kweli?
Mzazi anayekubali hayo anamtafutia mwanawe nafuu, na hilo linaeleweka. Lakini uvimbe mweupe kwenye fizi ni jino la utotoni linaloota, na homa au kuhara kuna chanzo kingine kinachohitaji kutibiwa. Kisu huweza kuleta damu isiyokoma na pepopunda, na jino la kudumu lililo chini huweza kuharibika.

Tumbaku, tambuu na miraa vina madhara?
Vinavyo. Miraa hukausha kinywa, na tumbaku na popoo huweza kuleta saratani ya kinywa. Doa jeupe au jekundu lisilotoka lionwe na daktari.

Nisafiri lini?
Kidonda kikipita wiki 3, au kukiwa na uvimbe mgumu, nenda hospitali. Usingoje kabisa ukishindwa kumeza maji, au vidonda vikitokea pamoja na homa na upele baada ya kuanza dawa mpya. Dawa hiyo ichukue uionyeshe.

La haraka kuliko yote ni fizi za mtoto kuvimba, kutoka damu na kunuka, hasa akiwa amedhoofu kwa njaa au ametoka kuugua surua. Huo huweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaoozesha shavu na taya, na ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2023 katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Hushika zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6. Hautokani na laana wala hauambukizi, na ukiwahiwa, antibaiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, pamoja na lishe nzuri huuzuia.

Nikifika hospitali, niulize nini?
Uliza jina la ugonjwa, jina la dawa na siku za kuitumia, na uelezwe kwa lugha unayoielewa. Mtoto asikatwe wala kung'olewa jino kabla hujaelezwa sababu na kukubali.

Ukiona fizi za mtoto wako au wa jirani zinatoka damu na kunuka, mpelekeni siku hiyo hiyo.