Mapigo ya Sauti na Ilimba ya Wagogo

Watu wengi hudhani kwamba sauti mbili zikilia pamoja ni lazima zizidi nguvu ya moja. Sivyo sikuzote, nami napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu sababu yake.

Sauti ni mtetemo upitao hewani. Hewa yenyewe haisafiri. Ya Makole hubaki Makole, ila husongwa na kuachiwa, na msukumo huo ndio ufikao sikioni. Hewa ikiwa na joto la digrii 25, mwendo wa sauti ni kama meta 346 kwa sekunde. (Wako wasemao kuwa sauti huenda polepole Dodoma kwa sababu tuko juu, zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. La, kinachobadili mwendo ni joto, si kimo.)

Sasa chukua vyuma viwili vya kupimia sauti, vile vyenye meno mawili kama uma. Kimoja hutetema mara 256 kwa sekunde, kingine mara 260. Vigonge pamoja. Mwanzoni vyote husonga hewa kwa wakati mmoja, na sauti ni kubwa. Lakini cha pili kina haraka. Ikipita sehemu ya nane ya sekunde kimemtangulia mwenzake kwa nusu ya mtetemo: hiki kinasonga, kile kinaachia, na sauti hufifia. Kisha hupatana tena. Hivyo utasikia mapigo 4 kila sekunde, yaani 260 toa 256.

Mapigo hayakuambii ni kipi kilicho juu. Bandika nta kidogo kwenye jino la kimoja, nacho kitapunguza haraka. Mapigo yakizidi, basi hicho ndicho kilichokuwa chini.

Fundi wa ilimba hapa Ugogo hufanya kazi hiyo bila vyuma vya maabara. Akiusukuma ulimi wa chuma ndani, unakuwa mfupi na sauti hupanda. Akiuvuta nje, hushuka. Katika ilimba kubwa, kama alizopiga marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ziko ndimi zisizoguswa na kidole, ambazo huitikia wenzake wanapochezwa. Zisipolingana haziitikii vema.

Wengine husema ilimba haipatani na kinanda. Ni kweli, lakini kosa ni la nani? Watafiti wa muziki wameonyesha kuwa sauti za Wagogo hufuata mafungu ya sauti moja ya chini. Tuseme hiyo ni 64: mara 4 ni 256, mara 5 ni 320, mara 6 ni 384, mara 7 ni 448. Kinanda chenye 256 ile ile hakina 448. Kilicho karibu ni 456, kwa kuwa kinanda hugawanya ngazi yake sehemu 12 zilizo sawa. Zipige pamoja upate mapigo 8 kwa sekunde, ya haraka mno kuhesabika, na mwenye kinanda atailaumu ilimba. Kwa hesabu, aliyetoka kwenye fungu lake ni kinanda.